Anthony Johnson hakuanzisha utumwa Marekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosambaza ujumbe kwamba aliyeanzisha utumwa Marekani alikuwa mtu mweusi, Anthony Johnson wa Virginia. Ujumbe huo umezunguka sana WhatsApp, na hivi karibuni msomaji mwenzangu kaurudia kwenye ukurasa huu kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Salisbury, Maryland, upande uleule wa mashariki mwa ghuba ya Chesapeake alikoishi na kufia mzee huyo. Mume wangu ni mwenyeji wa huku, mtu mweusi, na ukoo wa mama yake walikuwa watu huru tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyoanza 1861. Kwa ajili ya watoto wetu nimepekua sana kumbukumbu za kaunti za huku, na ndimo nilimokutana na Johnson. Huyo aliyemo humo siye yule wa kwenye ujumbe.

Kwanza msomaji ajue kwamba mtu huyu hakuacha barua wala picha. Yote tunayoyajua juu yake yaliandikwa na makarani: kesi, kodi, ng'ombe, mashamba. Na hata hayo yamebaki kwa bahati. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka vitabu vyao Richmond, mji mkuu wa Virginia, wakati wa vita hivyo ili visalimike, na Aprili 1865 mji ulipowaka moto navyo vikateketea. Kaunti ya Northampton ilinusurika. Vitabu vya mahakama yake, pale Eastville, vinaanzia 1632 na havijakatika hadi leo.

Humo tunamkuta Johnson mtu mzima mwenye mji wake. Mwaka 1651 alipata hati ya ekari 250 kwenye mkondo wa Pungoteague. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba anayegharimia nauli ya mtu kuja Virginia anadai ekari 50 kwa kila kichwa, naye alidai kwa watu watano. Miaka miwili baadaye moto ukamuunguzia mali. Akaenda mahakamani kuomba nafuu, na mahakama ikamsamehe kodi mkewe, Mary, na binti zao wawili, maisha yao yote. Msamaha huo ulikuwa mzito kuliko unavyosikika, kwa sababu tangu 1643 sheria ya Virginia ilimtoza kodi mwanamke mweusi na kumwacha yule wa Kiingereza.

Katika uamuzi huohuo karani aliandika kwamba Johnson na mkewe wameishi Virginia zaidi ya miaka 30. Sentensi hiyo ndiyo ufunguo. Toa miaka 30 kutoka 1653, unafika mwanzoni mwa miaka ya 1620. Sasa fungua orodha ya wakazi wa Virginia ya 1625: kwenye shamba la Bennett, ng'ambo ya pili ya ghuba, ameandikwa Antonio, mtu mweusi, aliyekuja kwa meli ya James mwaka 1621, na mwanamke mweusi aitwaye Mary, aliyekuja kwa Margaret and John mwaka 1622. Shamba hilo ndilo lililovamiwa Machi 22, 1622, wenyeji asilia wa Marekani walipowashambulia walowezi, na wengi wa waliokuwepo wakauawa. Antonio alipona. Wanahistoria wanakubali kwamba Antonio na Mary wa 1625 ndio Anthony na Mary Johnson wa 1653, na daraja la kuunganisha miaka hiyo ni ule mstari wa karani aliyekuwa akishughulika na kodi.

Lakini si kila Anthony ni Johnson, na hapa nawasihi wanaotafuta wazee wao wawe wagumu kidogo. Kuna ushahidi wa 1645 wa mtu mweusi aitwaye Anthony aliyegawana mahindi shambani na mzungu mmoja, kisha akasema sasa anakijua kilicho chake, atafanya kazi apendapo na kupumzika apendapo. Maneno yanasisimua. Vitabu vingi vinayaweka kinywani mwa Johnson, ila karani aliandika jina la kwanza tu, na Northampton ilikuwa na weusi wengine walioitwa Anthony. Mimi kwenye daftari la watoto wangu sikuyaweka chini ya Johnson.

Sasa niingie kwenye kesi ambayo ujumbe wa WhatsApp unaitegemea. Kulikuwa na mtu mweusi, John Casor, aliyekuwa akimtumikia Johnson. Casor alidai alikuja kama mtumishi wa mkataba na muda wake umekwisha zamani; Johnson akasema ni wake kwa maisha. Jirani mzungu, Robert Parker, akamchukua Casor. Kumbukumbu zinasema mke wa Johnson, wanawe wawili na mkwe wake walimshawishi mzee amwache huru, naye akamwacha. Kisha akageuka, akamshtaki Parker, na Machi 1655 mahakama ikaamuru Casor arudishwe kwa Johnson. Alilotendewa Casor ni dhuluma, na mimi simtetei aliyemtendea. Mtu mweusi alimshikilia mweusi mwenzake, familia yake mwenyewe ikiwa imemwomba asifanye hivyo. Wanangu nimewasomea ukurasa huo sawasawa na kurasa nyingine.

Ila kuanzisha? Mwaka 1640, miaka 15 kabla, watumishi watatu walimtoroka bwana wao Virginia na kukamatwa hapa Maryland. Mmoja Mholanzi, mmoja Mskoti, wa tatu mweusi aitwaye John Punch. Wazungu wawili waliongezewa miaka ya utumishi. Punch akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Kosa lilikuwa moja. Mwaka 1641 Massachusetts ikautambua utumwa katika sheria zake. Na huyo Antonio wa 1621 mwenyewe hakupanda meli kwa hiari. Anayesema Johnson ndiye mwanzo amefungua kitabu katikati na kukifunga palepale.

Angeendelea kupekua angefika 1665, familia ilipohamia kaunti ya Somerset, Maryland, Casor akiwa pamoja nao. Mwaka uliofuata Johnson alikodi ekari 300, shamba lililoitwa Tonies Vineyard. Alifariki 1670. Agosti mwaka huohuo, huko Virginia, baraza la mahakama likaamua kwamba ardhi aliyomwachia mwanawe irudi mikononi mwa serikali ya mfalme, kwa kuwa Johnson alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni. Mgeni, baada ya karibu miaka 50! Mahakama zilizomsikiliza alipounguliwa na alipomdai Casor ndizo hizo zilizomfuta alipokufa. Ukurasa huu sijawahi kuuona kwenye WhatsApp. Wala sijaona pakitajwa kwamba mwaka 1677 mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 na kuliita shamba lake Angola.

Wapo wanaosema weusi wa Marekani hawana pa kutafuta kabla ya sensa ya 1870, iliyoandika majina ya waliotoka utumwani. Kwa wengi ni kweli, na inauma. Kwa waliokuwa huru mambo ni tofauti. Tangu 1793 Virginia iliwataka wajiandikishe kwa karani, na Maryland ikaweka vyeti vya uhuru kuanzia 1805. Cheti cha bibi mmoja wa ukoo wa mume wangu kinataja kimo chake kwa futi na inchi, rangi ya ngozi, kovu la moto juu ya kifundo cha mkono wa kulia, na kwamba alizaliwa huru akakulia Somerset. Karani alikuwa akimlinda bwana fulani asiibiwe mtumwa, hakuwa akitufikiria sisi. Lakini mama mkwe wangu aliposomewa pale kwenye kovu alishika mkono wake mwenyewe, akaniomba nisome tena.

Kwa hiyo Mhariri, mkichapa tena madai ya Johnson na Casor, naomba hukumu ya John Punch ya 1640 na ule uamuzi wa Agosti 1670 viwekwe ukurasa huohuo. Na wasomaji wenzangu mlioko Virginia na Maryland, hasa mliooa au kuolewa na weusi wa huku: kumbukumbu za Somerset ziko kwenye hifadhi ya jimbo pale Annapolis. Anzeni na kaunti, si jimbo. Someni orodha za kodi kabla ya wasia. Na mkikuta jina moja bila la ukoo, liacheni lilivyo mpaka mpate mstari wa kuliunganisha.

Msomaji wenu wa Tanga,
Salisbury, Maryland