Aika, mchimba madini wako yumo

Moshi, 18 Desemba

Mwanangu Aika,

Marahaba kwa salamu zako za Jumapili. Huku tu wazima. Mama yako amekwenda Machame tangu juzi kumsaidia bibi kupiga nyumba chokaa, nami nimebaki karakana namalizia vitanda vya watu wanaopokea wageni wa Krismasi. Nakuandikia usiku huu kwa kuwa ile kazi niliyokuwa nakuficha imekamilika.

Ile video uliyonitumia kutoka soko la Krismasi la Freiberg, huko Ujerumani, niliirudia sana, hadi mama yako akaniuliza natafuta nini humo. Nilikuwa nahesabu ghorofa za ule mnara wa mbao, watu waliosimama kila ghorofa, na mapanga yale ya juu yaliyokaa kama ya feni. Ukanieleza kwamba wenyeji wanauita piramidi, na kwamba ile midogo ya majumbani huzungushwa na mishumaa tu: hewa ya moto inapanda, inasukuma mapanga, na mhimili mzima unageuka juu ya ncha ya chuma iliyokaa kwenye kikombe kidogo cha kioo. Mama, nimefanya useremala miaka mingi, sikuwahi kufikiri mshumaa unaweza kuendesha kitu.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni habari ya watu wenyewe. Madini ya fedha yalionekana hapo Freiberg mwaka 1168, chuo chenu kikaanzishwa 1765 kwa ajili ya migodi, na milimani kule madini yalipopungua, wachimbaji na familia zao wakageukia mbao. Ndivyo kijiji cha Seiffen kilivyojulikana kwa vinyago na mapambo. Watu waliozoea giza la chini ya ardhi wakaanza kuchonga vitu vya kubeba taa. Nikasema, nami nina mashine ya CNC hapa, ile inayoongozwa na kompyuta, inachonga maua ya vitanda mwaka mzima. Nitawachongea wa nyumbani mnara wao.

Nilianza na michoro kwenye kompyuta. Ghorofa tatu, ya chini ina kipenyo cha sentimita 60. Nisingetia wachungaji wenye makoti ya baridi, bibi asingewatambua. Chini nimeweka zizi lake, ng'ombe wawili na mbuzi, migomba, na ua wa masale kuzunguka ukingo. Katikati ni safari ya Desemba: basi la kutoka Dar, watu na mabegi, mtoto kabebwa mgongoni. Juu ni Yosefu, Mariamu na mtoto horini. Wanyama na watu wote ni mabaki ya mringaringa yaliyokuwa yamerundikana nyuma ya karakana. Sakafu za mnara ni plaiwudi.

Sasa sikiliza mambo ya ufundi, maana najua utaniuliza. Plaiwudi niliyouziwa kama ya milimita 9, nilipoipima kwa kalipa ilikuwa 8.6. Ningechora matundu ya 9, mnara ungecheza kama jino bovu. Nikachora 8.7, na ndimi, zile ncha za vipande zinazoingia kwenye matundu, zikaingia kwa kugongwa kidogo na kiganja. Halafu kuna pembe. Biti, yaani kile kisu cha mashine kinachozunguka, ni duara, haiwezi kukata pembe ya ndani ikawa kali. Biti ya milimita 6 inaacha mviringo wa milimita 3 kila kona, na ulimi wa mraba haukai humo. Ukitaka, unamalizia kila kona kwa patasi. Mimi nilikuwa na kona zaidi ya 100, kwa hiyo nilichora kijitundu kidogo kwenye kila kona ili biti ipite zaidi kidogo na pembe ya ulimi ipate pa kulala. Havionekani ukishaunganisha.

Usiku wa tatu umeme ukakatika katikati ya kukata. Ukirudi, mashine haijui tena iko wapi. Mota zake zinahesabu hatua tu, na hesabu imepotea. Sikuwa nimeweka alama ya sifuri, yaani ya pale hesabu inapoanzia, kwenye ubao, nikakisia, ikahama milimita mbili tu, na nusu ya ubao ikaharibika pamoja na migomba yote. Iliniuma, mbao si bei rahisi siku hizi. Tangu hapo natoboa matundu mawili pembeni kabla ya kazi yoyote, ili hata giza likiingia niweze kurudi palepale.

Mota nimeitoa kwenye maikrowevu mbovu, ile ndogo ya kuzungushia sahani. Pembeni imeandikwa mizunguko 5/6 kwa dakika: mitano kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, sita kwa hezi 60 kama wa Marekani. Usidhani kutumia mota ni kuwaibia wenye desturi yao. Hata ile mikubwa ya viwanjani huzungushwa na mota, maana hakuna mshumaa wa kusukuma sanamu nzito kiasi kile. Mapanga ya juu nimeyaweka hata hivyo, bila hayo mnara ungeonekana haujaezekwa.

Lakini mizunguko mitano kwa dakika ni sekunde 12 kwa mzunguko mmoja. Nilimpelekea bibi ajaribu kuutazama. Unajua macho yake yalivyo tangu mtoto wa jicho aanze. Akakaa kimya, kisha akasema, "Wanakimbia. Simjui hata mmoja." Nikarudi Moshi siku ileile. Nikakata gia mbili kwa biti ya milimita 2, moja ya meno 12, nyingine ya meno 36, mihimili yao ikiachana milimita 96. Nikazisugua kwa msasa na mshumaa mpaka zikaacha kulia. Mhimili mkubwa nimeusimamisha juu ya gololi moja ya chuma yenye grisi. Sasa mzunguko ni sekunde 36.

Mota hizi zina tabia moja: ukiiwasha, inaweza kuanza upande wowote. Mara ya kwanza ilienda vizuri, mara ya pili basi likarudi kinyumenyume kwenda Dar na abiria wote! Niliwaza kununua mota nyingine, kisha nikakumbuka kwamba sahani ya maikrowevu ikikwama hugeuka yenyewe. Nikatia kikwamizi cha mbao kinacholalia meno ya gia kubwa: upande mmoja kinateleza, upande mwingine kinazuia, mota inagonga na kugeuka. Kinatoa sauti ndogo, tik, tik, tik. Mama yako anasema kama saa ya ukutani ya baba yake.

Nimefika kwako. Uliniambia kule dirishani wanaweka malaika kwa kila binti wa nyumba na mchimba madini kwa kila mwana, wote wameshika taa. Basi nilikukatia malaika, nikampaka rangi, nikamweka kwenye ghorofa ya safari. Bibi alimshika, akampapasa mgongoni.

"Huyu ni nani?"

"Ni Aika, mama."

"Mbona ana mabawa? Aika amesafiri tu. Mtu aliye safarini havishwi mabawa. Mtoe."

Nilimtoa hapohapo. Usiku nikafungua picha yako ya siku mliposhuka kwenye mgodi wa mafunzo wa chuo, Reiche Zeche, ukiwa na kofia ngumu na buti zimejaa tope. Nikachora kutoka hapo. Mashine ilikata umbo, ila uso, nywele zilizochungulia chini ya kofia na ule mkono ulioweka kiunoni nimevifanya kwa kisu, jioni mbili. Taa ya kofia inawaka kweli. Waya ungejisokota kwa vile ghorofa inazunguka, kwa hiyo nimekuchimbia shimo tumboni na kuweka betri ile bapa ya volti 3. Bibi alipokushika hakuuliza tena ni nani. Umesimama nyuma ya mama mwenye begi, kwenye foleni ya wanaorudi nyumbani, ingawa najua mwaka huu nauli na mitihani vimekataa.

Kesho kutwa naupandisha Machame. Mafaili yote nimekutumia, pamoja na gia, kama hapo chuoni wana mashine ya kukatia.

Na kuna jambo bibi ameagiza. Ukipita sokoni simama mbele ya piramidi yao, mchague mtu mmoja, uhesabu kwa simu ni sekunde ngapi mpaka arudi mbele yako. Anataka kujua kama wao wanatembea polepole kuliko sisi.

Baba yako