Risala ya mawakala wa pesa za simu wa soko la mahindi Kibaigwa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni wetu Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Viongozi wa dini na viongozi wa soko,
Wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa salama. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wa watu wasio na kiwanda cha kukuonyesha wala ghala la kukutembeza. Kazi yetu inafanyika kwenye dirisha dogo, na tunachouza hakishikiki. Kwa sababu hiyo tumeomba leo tuzungumzie nafasi ya huduma katika uchumi wa nchi kama yetu.

Mgeni akifika Kibaigwa huuliza habari za mahindi: gunia bei gani, malori mangapi yameingia kutoka Kiteto. Ni sawa, mahindi ndiyo yaliyotuleta hapa. Lakini gunia likifika sokoni bado halijawa ada ya shule. Wapo wa kulishusha, wapo wa kulipima, yupo dalali wa kulitafutia mnunuzi. Mwenye gunia atakula kwa mama lishe, pengine atalala gesti, na malipo yake yatapitia kwetu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeshika jembe siku hiyo, ila bila wao mkulima angerudi na mzigo wake. Kitaifa hali ni hiyo hiyo. Kilimo kinaajiri Watanzania wengi kuliko sekta nyingine yoyote, lakini mchango wake katika pato la taifa ni zaidi kidogo ya robo. Huduma, kuanzia uchukuzi na biashara hadi fedha na utalii, zinachangia zaidi ya hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu wanakumbuka pesa zikisafiri ndani ya bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Zisipofika, unamdai nani? M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008, na mitandao mingine ikafuata. Mwaka 2014 mitandao yetu ilianza kutumiana pesa moja kwa moja. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2009 ulikuta asilimia 16 tu ya Watanzania wazima wakitumia huduma rasmi za fedha. Ule wa 2023 ulikuta asilimia 76.

Kwa majirani zetu Kenya, watafiti Tavneet Suri na William Jack walifuatilia familia kwa miaka kadhaa, na mwaka 2016 wakaeleza kuwa huduma hii imezitoa kaya zipatazo 194,000 kwenye umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waligeukia biashara kama shughuli yao kuu. Walichokitazama ni jinsi mawakala walivyozidi kusogea karibu na makazi ya watu. Yaani walitazama vibanda kama hivi vyetu. Tunalitaja hili kwa fahari, kwa sababu wengi bado wanadhani kazi yetu ni kukaa kivulini kusubiri kamisheni.

Tunaomba tukueleze mchana mmoja wa mwezi wa saba. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam ametuma milioni moja na nusu. Mkulima anataka taslimu, maana ana gari la kulipa na wapakuaji wamemzunguka. Tunamhesabia. Anakuja mwingine, naye anatoa. Kila anayetoa anaondoka na noti na kutuachia floti, yaani salio la wakala, kwenye simu, na ikifika alasiri droo ni tupu wakati simu imejaa. Benki imefunga, soko linaendelea. Hapo kijana anapanda bodaboda kwenda kwa wakala mkuu kubadilisha, anarudi na mamilioni kwenye begi la mgongoni, na giza linaingia. Wapo wenzetu waliovamiwa katika hali hiyo.

Kuna mama alikuja dirishani kwa mmoja wetu kutuma laki tatu. Alikuwa amepata ujumbe ule mnaoujua: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Binti wa dirishani akamwuliza, mama, huyu ni nani? Akasema ni mwanangu wa Morogoro. Binti akamwomba ampigie kwanza mwanawe kwa namba aliyoizoea. Mwana hakuwa ametuma ujumbe wowote. Binti alikosa kamisheni ya muamala ule, na mama akaondoka na laki tatu zake. Usajili wa laini kwa alama za vidole umesaidia, lakini matapeli hawajaisha, na mara nyingi kinga ya mwisho ni wakala anayejali kuuliza.

Mheshimiwa, huduma hii pia ni rahisi kuumia. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 tuliwaona wateja wetu wakirudi kufunga noti kwenye kanga. Serikali ilisikia, ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ikaipunguza tena. Tunashukuru kwa dhati. Ombi letu ni kwamba makato yanapopangwa, wakala wa sokoni naye aulizwe kabla, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kumwona mteja akigeuza njia.

Ombi linalotuuma zaidi ni la mtaji. Baadhi yetu tulipoomba mikopo sehemu mbalimbali tuliulizwa mradi wenyewe uko wapi, kwa kuwa hatuna cherehani wala mizinga ya nyuki ya kuonyesha. Floti ndiyo mradi wetu. Tunaomba utusemee ili vikundi vya mawakala wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vifikiriwe katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, na floti itambuliwe kuwa mtaji wa kazi kama mbegu ilivyo kwa mkulima.

Vilevile tunaomba taa kwenye njia inayotoka sokoni kwenda barabara kuu, na doria ya polisi jioni katika miezi ya msimu. Umoja wetu uko tayari kuchangia nguzo, na fedha ya kuanzia tumeshaitenga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama