Barua kwa Mwanangu: Kufunga Siku Tatu na Kirusi cha HPV

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo hapa Tanga, baba yako anakusalimu. Video uliyonitumia nimeitazama mpaka mwisho, pamoja na pale yule bwana anapoanza kuuza mafuta yake. Anasema ufunge siku tatu kwa maji matupu, seli zianze kujila zenyewe, na kirusi cha HPV, kile kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kiliwe humo humo. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote ya kazi, na kinachoniudhi ni kwamba bwana huyu si mwongo mtupu. Nusu ya maneno yake ni kweli, ndiyo maana yanawanasa watu.

Seli kweli hula vitu vyake vilivyochakaa. Utaratibu huo unaitwa otofajia, jina alilolitoa Christian de Duve mwaka 1963, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kugundua, ndani ya hamira, jeni zinazouendesha. Utando unaizingira protini iliyoharibika, au kijidudu kilichoingia, unajifunga ukawa kifuko, kisha unaungana na laisosomu, kifuko kingine cha seli chenye vimeng'enya vya kuvunja vitu. Kilichomo kinavunjwavunjwa na kutumika upya. Seli ikikosa chakula, kazi hiyo huongezeka, na hapo ndipo yule bwana alipookotea habari ya kufunga. (Ramadhani tunafunga kwa ibada, hilo ni jambo jingine kabisa.)

Asichokisema ni kwamba kirusi nacho kinaujua mlango huo. HPV ya aina ya 16 inapojishika juu ya seli, kabla hata haijaingia, huamsha protini iitwayo mTOR, ambayo huzuia otofajia. Seli inapewa habari kwamba ina shibe. Watafiti walipoizima otofajia kwenye seli za ngozi maabara, kirusi kiliambukiza kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mwanzoni otofajia iko upande wetu, nakubali.

Lakini maambukizi yakikaa miaka, mambo hugeuka. Protini mbili za kirusi, E6 na E7, ndizo zinazoharibu kazi: E6 husababisha p53 ivunjwe, E7 huidhoofisha Rb, yaani protini mbili za seli zinazoizuia isigawanyike ovyo, na seli iliyozipoteza hugawanyika bila breki. Uvimbe ukishakua, katikati yake damu haifiki vizuri, hewa na chakula ni haba. Hapo seli ya saratani hujila kidogo kidogo ili isife, na wakati mwingine hiyo hiyo otofajia huisaidia kustahimili dawa za saratani kama sisplatini. Ndiyo sababu watafiti wamejaribu kuongeza klorokwini, ile dawa ya malaria tuliyokunywa utotoni, kwenye matibabu ya saratani mbalimbali, kwa kuwa huzuia otofajia. Usije ukaenda kuinunua dukani!

Sasa niambie: mtu anayekwambia "washa otofajia" bila kujua seli zako zimefika hatua gani, anajua anamsaidia nani?

Majibu ya kipimo chako yanasema una kirusi. Hayasemi una saratani. Maambukizi mengi ya HPV huondolewa na kinga ya mwili yenyewe ndani ya miaka miwili hivi, na kwa mwenye kinga nzima saratani huchukua kama miaka 15 hadi 20 kujijenga. Ila yako ni aina ya 16, na hiyo pamoja na ya 18 husababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kwa hiyo kusubiri tu nyumbani sikukubalii. Rudi kliniki wakakupake ile asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi na kukuangalia; wakiona sehemu imegeuka nyeupe, seli hizo huweza kugandishwa au kuchomwa kwa joto kabla hazijawa saratani. Kwa kawaida ni jambo la dakika chache, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Chanjo ya HPV ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, ilikuwa ya wasichana wa miaka 14, nawe ulishamaliza chuo. Mtoto wa kaka yako amechanjwa shuleni, dozi moja tu siku hizi.

Nipigie ukishapewa tarehe, nije tuende wote. Na asubuhi hiyo unywe chai na kitafunwa, usinitokee pale na njaa.

Mama yako