Sufuri hii imemdhulumu mhadhiri

Mhariri,

Mimi ni mkutubi wa chuo hapa Mombasa. Juzi alinijia mhadhiri wa ushairi wa Kiswahili na fomu yake ya kuomba kupandishwa cheo. Kando ya jina la jarida lililochapisha makala yake, mtu ameandika 0 kwa kalamu nyekundu na kuizungushia duara. Mwenzake wa afya ya jamii, aliyeomba siku hiyohiyo, kapewa 3.6. Tarakimu hizo ni kipimo cha majarida kiitwacho impact factor, na kamati iliwalinganisha kwa hizo tu.

Kipimo hicho alikibuni Mmarekani Eugene Garfield pamoja na mwenzake, miaka ya 1960, kimsaidie kuchagua majarida ya kuingiza katika fahirisi yake, yaani orodha inayoonyesha makala ipi imenukuliwa na ipi. Huhesabiwa ni mara ngapi makala za jarida za miaka 2 iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, kisha jumla ikagawanywa kwa idadi ya makala hizo.

Miaka 2! Watafiti wa tiba hunukuu makala tele, nyingi za karibuni, kwa hiyo jarida lao The Lancet miaka hii limepita 80. Mwanahisabati hunukuu chache, na nyingine zina umri wa miaka 30. Annals of Mathematics, jarida ambalo wanahisabati wanalitamani mno, halifiki hata 10. Huyu wangu wa ushairi ananukuu diwani, miswada, na mashairi ya Muyaka aliyefariki yapata 1840. Jarida lake halimo kabisa katika fahirisi. Sufuri ile ilimaanisha kuwa hakuna aliyehesabu, nayo kamati ikaisoma kana kwamba hakuna aliyemsoma.

Hapa mjini bizari twapimiwa kwa kilo na leso twauziwa kwa doti, na hakuna anayeuliza ipi imeishinda nyingine.

Wenye fani walishaliona hili. Mwaka 2010 Henk Moed wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alitoa kipimo cha SNIP, kinachozingatia desturi ya kunukuu ya kila taaluma. Azimio la San Francisco la 2012, kuhusu namna ya kutathmini utafiti, likaenda mbali zaidi: vipimo vya majarida visitumike kabisa kuamulia ajira na vyeo vya watafiti.

Naiomba kamati ile ilifungue tena faili hili. Makala yenyewe ina kurasa 18, na nakala yake iko mezani kwangu.

Mkutubi,
Mombasa