Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wanachama wapendwa,

Kazi yetu kubwa mwaka huu imekuwa kuwasindikiza manusura wa ukatili wa kingono na wa kipigo walio transijenda (watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikishwa walipozaliwa) hospitalini na, kwa anayetaka, kituo cha polisi. Mafunzo na vikao na wadau vimo katika taarifa ya katibu. Mimi nitabaki na usindikizaji, kwa kuwa naamini hapo ndipo mtu huokolewa au hupotea.

Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kisha zimezwe kwa siku 28. Saa hizo tumeziona zikiishia kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, ambako karani hutazama kitambulisho, akatazama uso, akarudia kitambulisho, kisha akaita kwa sauti jina ambalo mwenyewe alikwisha kuliacha, na foleni nzima ikageuka. Wapo waliojiondokea papo hapo bila kutibiwa. Sasa msindikizaji hutangulia dirishani, akaomba mgonjwa aitwe kwa nambari, na maelezo yachukuliwe faraghani. Humkumbusha pia manusura asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa huziweka katika bahasha ya karatasi, kwani kwenye plastiki unyevu huharibu ushahidi.

Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 humlinda kila mtu, awe wa jinsia yoyote. Hata hivyo wengi huhofia kwamba wakienda kuripoti watageuziwa kesi chini ya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha ngono iitwayo ya kinyume cha maumbile, na ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha mwezi Mei 2019. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu hatumwachi mtu aingie kituoni peke yake, wala hatumshurutishi kuingia. Lilipoletwa pendekezo kwamba nambari ya OB, yaani ya ripoti iliyoandikishwa katika daftari la polisi, iwe sharti la kupata msaada wetu, nililipinga kwa moyo wote, na nashukuru kwamba kamati ililikataa. Matibabu hayasubiri polisi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, inaweza kufuata manusura akishapata nguvu za kuamua.

Agosti ilituletea faraja. Mahakama Kuu mjini Eldoret iliamuru mwanamke transijenda, aliyekamatwa mwaka 2019 na kudhalilishwa kwa kupekuliwa mwili, alipwe fidia ya shilingi milioni 1, na ikaitaka serikali kuandaa sheria ya kulinda haki za watu transijenda. Wasindikizaji wetu wanaufahamu uamuzi huo, na wanapaswa kuutaja bila woga pale afisa yeyote anapotaka kumvua mtu nguo ili "kuhakikisha".

Upande wa fedha, kusitishwa kwa misaada ya Marekani mwezi Januari kulitikisa kliniki ambazo watu wetu walizizoea na kuziamini, na mzigo ukahamia hospitali za umma. Mweka hazina atawasomea hesabu.

Tatizo ambalo bado halijapata dawa ni makao. Nyumba nyingi za hifadhi hapa Nairobi zimekusudiwa wanawake na watoto. Mwanamke transijenda huhojiwa mlangoni, na mwanamume transijenda hajui hata abishe hodi wapi. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyepigwa na mpenzi wake au na ndugu zake hutoka hospitalini akiwa amefungwa bandeji, akarudi kulala chini ya paa lile lile. Vyumba vichache tulivyopanga Eastlands vimesaidia, lakini majirani wakianza kunong'ona, mwenye nyumba hudai chumba chake.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba ada za mwaka ujao zilipe kwanza kodi ya vyumba hivyo na nauli za wasindikizaji wa usiku, kabla ya semina yoyote. Naomba mlijadili pendekezo hili leo na mlipigie kura. Walio tayari kushika zamu za usiku, hasa wakazi wa Mathare, Kayole na Kawangware, wamwone katibu kabla ya kikao kufungwa. Orodha ya majina yao itabaki mikononi mwa kamati pekee.