Shukrani kwa Mkutubi wa Hospitali
Dada mkutubi, ambaye sikuwahi kukuuliza jina, nakushukuru kwa saa ile uliyoketi nami katika maktaba ya hospitali, mwanangu wa miaka 3 akiwa amelazwa wodini na simu yangu ikiwa ndiyo kitulizo chake pekee. Ulinisomea mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, usemao kwamba mtoto wa umri huo asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, kisha ukanionyesha, bila kunilaumu hata kidogo (jambo lililonigusa mno), jinsi ya kuzuia watu asiowafahamu wasimtumie dada yake ujumbe. Namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ingali imebandikwa mlangoni kwetu kwa mwandiko wako.