Makapi ya mpunga wa Ahero yasichomwe ovyo

Mhariri,

Kila betri za bodaboda za umeme zinapotajwa, mazungumzo huishia kwenye madini ya lithiamu na kobalti, na sisi wa nyanda za Kano, Kisumu, tunabaki watazamaji. Lakini sehemu moja ya betri hizo inaweza kutoka kwenye makapi tunayoyachoma hapa Ahero.

Betri ikichajiwa, lithiamu hujikusanya kwenye elektrodi hasi, yaani upande wa hasi wa betri, ambao kwa kawaida ni wa grafiti, aina ya kaboni. Gramu moja ya grafiti haibebi zaidi ya miliampea-saa 372 za umeme. Silikoni, inayoweza kutumika mahali pa grafiti, hubeba zaidi ya mara 9 ya hizo. Taabu ni kwamba ikishiba lithiamu huvimba hadi karibu mara 4 ya ukubwa wake, kisha hunywea betri inapotumika. Haichukui muda ikavunjikavunjika, ndiyo maana watengenezaji huitia kidogo tu ndani ya grafiti.

Mpunga nao hunyonya silika (silikoni iliyoungana na oksijeni, kama ile ya mchanga) ardhini na kuiweka kwenye ganda lake, yaani makapi, kwa chembe ndogo mno. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani na Korea Kusini walionyesha kwamba silika hiyo, ikipashwa moto pamoja na metali ya magnesi, hutoa silikoni yenye vitundu vinavyoipa nafasi ya kuvimba bila kupasuka. Magnesi si ya bei rahisi, nakubali.

Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za makapi, na yakiungua hubaki kilo 40 hivi za majivu, karibu yote silika. Pita nyuma ya kinu chochote baada ya mavuno, uchokoe lile lundo linalofuka moshi: pembeni majivu ni meusi, katikati meupe. Moto wa namna hiyo hauna kipimo. Joto likizidi sana silika hugeuka fuwele, na hapo haifai tena vizuri kwa kazi hii.

Siombi kiwanda cha betri. Ahadi hizo tuwaachie wanasiasa wakati wa kampeni. Naomba kaunti ya Kisumu na Chuo Kikuu cha Maseno watujengee tanuri moja dogo la joto linalopimwa, karibu na vinu. Wanafunzi wa kemia watapata majivu safi ya kufanyia utafiti, na joto litakalobaki litukaushie mpunga msimu wa mvua, badala ya kuuanika kwenye maturubai kando ya lami huku tukitazama mawingu. Utafiti wa betri ukichelewa, majivu hayo hayo huchanganywa na saruji.

Mkulima wa mpunga,
Ahero, Kisumu